Siku ya Kumtoa Mtoto

Ezron alizaliwa ng'ambo, upande wa Rhodesia, kwa sababu mimba ya kwanza mwanamke huenda kuzalia kwa mama yake. Mama yake alivuka kijito, akajifungua, akarudi Tunduma kwa mumewe na mtoto mgongoni. Mpaka ulikuwepo, lakini hayo yalikuwa mambo ya Wazungu. Mbuzi na mashemeji walipita wapendavyo.

Wazazi wake walipokufa, baba zake wadogo waligawana shamba upesi, kisha jumbe wa Tunduma akakumbuka ghafla kwamba Ezron ni wa ng'ambo. Huko ng'ambo nako wakamcheka. "Sisi tunafuata baba," wakasema, "na baba yako ni wa Tanganyika." Kodi yake walikataa kuipokea, kisha wakamfunga kwa kutoilipa. Ukisikia watu wazima wenye akili zao, ndio hao.

Mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na nne Ezron aliishi na Marita, binti wa Ihanda, kijiji cha upande wa Tanganyika, katika kibanda karibu na mawe ya mpaka. Mchungaji hakutaka kuwafungisha ndoa, kwa kuwa Ezron hakuwa na mkubwa wa kumsimamia. Marita alipokuwa mzito akataka kwenda kwa mama yake, kama ilivyo ada. Ezron aliisikia ada hiyo, akakumbuka kwamba ndiyo iliyomfanya yeye akose kwao. Hata hivyo alimsindikiza, na huko akazaliwa mtoto wa kiume.

Siku moja kabla ya mtoto kutolewa nje, baba yake Marita, mzee Zebedayo, alimwita Ezron kwenye mibuni.

"Mwanangu, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini kesho jumbe atauliza baba ni nani. Ukijitaja, mtoto anakufuata wewe. Atakufuata wapi?"

"Na nisipojitaja?"

"Atakuwa wangu. Atakuwa wa Ihanda, na hakuna atakayemgusa."

"Na Marita, baba? Watu watasemaje?"

Zebedayo aliangalia chini. "Watamsema. Nimeongea naye. Amelia, kisha akasema uamue wewe."

Ezron alikasirika, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumwangukia. Angemchukia nani, mzee aliyekuwa akimwambia ukweli?

Asubuhi watu walijaa uani. Ferista, mama yake Marita, alitoka na mtoto, akamwinua juani, akinamama wakapiga vigelegele. Jumbe wa Ihanda alikaa kwenye kiti chake, akakohoa.

"Baba wa mtoto yuko wapi? Ampe jina."

Marita alimtazama Ezron waziwazi. Ezron alitamani kusimama na kulitaja jina la babu yake kwa sauti ya kufika Tunduma. Jina lilikuwa tayari mdomoni. Alilimeza.

"Hana baba," alisema Zebedayo. "Jina nitatoa mimi. Ni Enoka."

Wanawake wawili walinong'onezana, mmoja akacheka. Jumbe akaitikia kwa kichwa. "Enoka wa Zebedayo, mtu wa Ihanda." Kisha akamgeukia Ezron. "Na huyu?"

"Mpita njia, mzee," alijibu Ezron mwenyewe. "Nilimkuta dada huyu amechoka barabarani, nikamsaidia mzigo."

"Umefanya vizuri. Kunywa uji, uende zako."

Basi. Imekwisha, na imefanikiwa. Mtoto alikuwa na jumbe, alikuwa na kwao. Ezron alishukuru, akapita mbele ya Ferista, na hapo mikono yake ikamsaliti, ikajinyoosha yenyewe kumwelekea mtoto.

Jumbe alikuwa akitazama. Ferista aliona macho ya jumbe, akaiona mikono ile, akamkumbatia mjukuu wake na kurudi nyuma hatua moja. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini alisema kwa sauti, uani pote wasikie:

"Hapana, baba. Mgeni hapewi mtoto mchanga."