Upole wa Prudensia

Kabla ya sindano, Prudensia alikuwa na mdomo. Si huu wa kulia chakula, ambao kila mtu anao. Ni ule mdomo ambao kijiji kizima cha Ihembe kiliujua. Mama mkwe wake, Eugenia, akisema ndizi zinachelewa kuiva jikoni, Prudensia humjibu, "Tuzisubiri, Mama, wewe una haraka ya kwenda wapi?" Eugenia hushika kichwa na kumwuliza Mungu amemkosea nini. Mume, Privatus, hutoka nje kwenda kukagua kahawa isiyohitaji kukaguliwa.

Lakini kila mwezi mdomo huo ulikuwa na siku zake za kulia. Prudensia alijikunja kitandani akigugumia mpaka majirani wakasikia. Miaka mingi aliambiwa hilo ni tumbo la kawaida la wanawake, avumilie. Mwishowe daktari mmoja wa mjini akamweleza kwamba nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi imeota nje yake, mahali isipoalikwa, na huko huko ndiko inakovujia damu. Dawa ikawa sindano ya homoni kila baada ya miezi mitatu. "Unaweza kujisikia tofauti kidogo," daktari alisema, huku akimwita mgonjwa anayefuata.

Maumivu yalikwisha kweli, haki ya mtu apewe. Kisha ikaja hiyo tofauti kidogo. Usingizi ulimkimbia. Chakula kikakosa ladha. Hata senene wa kukaanga, ambao zamani aliwagombania, akawatafuna kama makapi. Akiwa anamenya ndizi machozi yalimtoka tu, bila taarifa ya msiba wowote, akayafuta kwa kiwiko na kuendelea kumenya. Baada ya sindano ya pili akaanza kuamka asubuhi akisikitika kwamba ameamka. Hilo lilimtisha, wala hakujua amwambie nani, maana kila aliyekutana naye alimpa hongera.

Nyumba nzima ilikuwa na furaha. "Amekuwa mpole!" Eugenia aliwatangazia wanawake wa jumuiya baada ya sala. "Nikisema neno, yeye ni 'ndiyo, Mama' tu. Mungu si Athumani!" Anayezama bila kupiga kelele husifiwa kwa utulivu, na Prudensia alisifiwa kuanzia kanisani mpaka sokoni.

Sifa zilipozidi, jirani yao Nyirabahire akamtaka kwenye kicheni pati ya binti yake, Nikuze, aliyekuwa anaolewa Kibingo. Prudensia akavalishwa kitenge kipya, akaenda pamoja na Eugenia, akaketishwa mkekani kando ya bibi harusi, mwali apate kuona mke anavyotakiwa kuwa.

"Mwambie mwenzio," alisema Nyirabahire, "siri ya upole wako ni nini?"

Zamani jibu lake kwa swali kama hilo lingewavunja watu mbavu mpaka jioni. Sasa alijibu lililokuwepo. "Ni sindano."

Wanawake wakaangua kicheko. Kisha kicheko kikapungua, wakaanza kufikiri.

"Wanaidunga wapi?" mmoja aliuliza. "Mkamwana wangu anaihitaji tangu Pasaka."

Mwingine akataka kujua kama wanaume nao wanadungwa.

"Msiitake," Prudensia alisema. "Iliondoa maumivu, nashukuru. Halafu ikaondoka na mimi mwenyewe. Sina furaha, sina hasira. Kila asubuhi nasikitika kwamba nimeamka."

"Unasikia?" Nyirabahire akamwambia bibi harusi. "Hata jambo zito namna hiyo analisema kwa upole." Wakapiga vigelegele.

Eugenia hakupiga.

Wakiwa njiani kurudi, katikati ya migomba, alijaribu kumchokoza. "Ndizi zako za jana zilikuwa mbichi."

"Ndiyo, Mama."

"Na uani hujafagia."

"Ndiyo, Mama."

Eugenia akasimama. Alikuwa na neno moja aliloliweka akiba tangu siku ya harusi ya mwanawe, na mwenyewe aliliogopa. "Mama yako hakukufunza kitu."

"Ndiyo, Mama."

Eugenia akaketi palepale njiani na kitenge chake cha sherehe, akalia. "Nimemtukana mama yako, waitu, jamani! Mbona hunitukani?"

"Nimechoka, Mama."

Eugenia akainuka, akamshika mkono mpaka nyumbani, na hakuuachia hata walipofika. Alipotangaza kwamba kesho wanakwenda kwa daktari, Privatus alishangaa. "Lakini Mama, si amepona?"

"Amepona nani?" Eugenia alimwuliza. Privatus akatoka nje kwenda kukagua kahawa.

Daktari alimkaribisha Prudensia kwa tabasamu. "Maumivu?"

"Hakuna."

"Vizuri sana!"

"Vizuri nini?" Eugenia aliingilia. "Huyu hataki kuamka tena, na wewe unasema vizuri?"

Daktari akaweka kalamu chini. Akamwuliza Prudensia waziwazi kama anafikiria kujiua.

"Sijapanga," alisema. "Ila nikilala nisiamke, sitalalamika."

Daktari akavuta kiti karibu. Akasema dawa ile huwafanyia hivyo baadhi ya wanawake, na kwamba yeye alipaswa kuwaonya kwa maneno yanayoeleweka. Sindano wataiacha, ingawa iliyokwisha kuingia mwilini itachukua muda kutoka. Prudensia atamwona mshauri leo hii, na asiachwe peke yake. Zipo dawa nyingine za kujaribu. Lakini maumivu yanaweza kurudi.

"Yarudi tu," Eugenia alisema. "Tutayavumilia, kelele tumezizoea. Andika, daktari, mimi nimekubali, na hiyo dawa nyingine..."

"Mama, nyamaza."

Eugenia akageuka kumtazama mkamwana wake.

"Tutayavumilia wewe na nani? Tumbo ni langu. Yakirudi, utajikunja wewe?" Prudensia mwenyewe alishtuka kuisikia sauti hiyo. Haikuwa furaha, furaha ilikuwa mbali bado. Ilikuwa hasira ndogo tu, lakini ilikuwa yake.

Daktari akakunja uso. "Dada, huyo ni mkweo. Zungumza naye kwa upole."

"Mwache, daktari," Eugenia alisema, akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Mwache aendelee."