Dakika Tano za Mwalimu Atuganile

"Sebla!" Mama Agness aligonga meza. "Mnasikia, wazazi? Ada yote ile, mtoto anafundishwa sebla badala ya zebra!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu Atuganile alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, mikono mapajani, macho sakafuni.

"Punguza, Mama Agness," alisema Meshaki, fundi pikipiki wa Isongole. "Hata mimi nasema sebla. Mbona pikipiki yako nilitengeneza ikawaka?"

"Wewe si mwalimu, baba!"

"Basi leteni Mzungu aje afundishe watoto kuhesabu viazi!"

Mzee Idrisa, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, akanigeukia. "Mama Nusrat, weka tena ile sauti tumalize. Darasa la tatu lote achukue Mwalimu Jairo, kuanzia leo."

Sauti hiyo ya darasani niliileta mimi. Nusrat wangu ana miaka minane, na kwa wiki tatu alikuwa anakojoa kitandani. Asubuhi akiona sare ya shule anatapika chai. Namuuliza, ananyamaza. Usiku nilikuwa naamka kumsikiliza kama anapumua, maana ana pumu.

Nina diploma ya ugavi na duka la pembejeo hapa Tukuyu, mtaa wa Msasani. Nikiona tatizo, natafuta chanzo. Nikaamua chanzo ni mwalimu: mtoto haelewi anachoambiwa, ndiyo maana anaogopa. Babu yetu alikuja Tukuyu na cherehani kutoka Kilwa, na nyumbani kwetu mtoto akikosea Kiswahili anarudishwa kama aliyekosea kusoma Fatiha. Kwa mizani hiyo nilimpima Mwalimu Atuganile siku ya kwanza tu alipofungua mdomo.

Alhamisi nikawasha simu yangu ya zamani irekodi, nikaifunga kwenye leso, nikaisukuma chini kabisa ya begi la Nusrat. Jioni nilisikiliza dakika tano za mwanzo. Zilinitosha.

Sasa mvua ilikuwa inapiga bati, kwa hiyo niliiweka simu sikioni nitafute pale penye sebla. Kidole kikaruka mbele mno.

Nikasikia Kiingereza kile kizuri cha Mwalimu Jairo, mwalimu wao mwingine, kile tunachokisifia getini. Kikageuka Kiswahili, taratibu, bila hasira.

"Hujui kusoma? Utasoma na panya."

Mlango. Komeo. Halafu kikohozi.

Kikohozi kile nakijua. Kinaanza kikavu, kinakuwa filimbi. Kilitoka nyuma ya ubao, kwenye stoo ya majembe na mifagio. Darasa la watoto thelathini na nane lilikuwa kimya kama halina mtu. Nilitazama namba kwenye simu. Dakika moja. Mbili. Filimbi ikawa nyembamba.

Miguu ikaja mbio, na sauti ya Mwalimu Atuganile.

"Fungua! Mtoto ana pumu huyu, fungua sasa hivi!"

"Nenda kajifunze kuongea kwanza, mwalimu," Jairo alijibu, na mtoto mmoja akacheka kwa woga.

Kitu kikagongwa. Komeo likalia. Kisha zipu ya begi ikafunguka karibu kabisa na sikio langu, mkono ukapekua, ukakuta dawa ya kuvuta. "Vuta, mwanangu. Vuta tena. Ndaga, ndaga, pole. Nipo hapa."

Nilikumbuka kikao kilivyoanza. Mwalimu Atuganile alisimama wa kwanza, akasema, "Wasasi, kuna jambo kuhusu usalama wa watoto..." Hakufika mbali. Mtu alirudia "wasasi" kwa nyuma, kicheko kikamkalisha. Mimi pia nilicheka.

"Mama Nusrat, vipi, imegoma?" Mzee Idrisa aliuliza.

"Mwalimu Jairo yuko wapi?"

"Yuko na watoto wetu kule darasani," Mama Agness alisema, uso umemng'aa. "Jumamosi yote anawafundisha bure. Si unasikia walivyotulia?"

Nikasikiliza. Mvua ilikuwa imepungua, na ng'ambo ya uwanja darasa la tatu halikutoa sauti hata moja.

Nilijua nikianza kueleza watabishana. Wataniuliza kwa nini nimerekodi mwalimu kwa siri, wataunda kamati ndogo, wataandika muhtasari. Na begi la Nusrat lilikuwa miguuni kwangu. Alilisahau kwangu asubuhi alipoingia darasani, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa ndani.

Nikarudisha rekodi pale penye panya, nikachomeka simu kwenye spika, nikapandisha sauti mpaka mwisho.

"Sikilizeni mpaka mwisho," nilisema. "Hiyo niliyowawekea mwanzo ilikuwa dakika tano tu. Meshaki, hakikisha hakuna anayezima."

Nikachukua begi, nikaenda mlangoni.

"Mwalimu, msamaha nitauomba baadaye. Inuka twende."

Hakuuliza tunaenda wapi. Alivua viatu vyake vya kisigino, akaviacha chini ya benchi, akanitangulia kwenye matope. Nyuma yetu spika ilikuwa inakohoa kwa sauti ya mwanangu, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Mwalimu Jairo alikuwa ubaoni, chaki mkononi. Kiti cha Nusrat kilikuwa kitupu.

"Madam, there is a meeting—" alianza.

Nilimpita. Atuganile alikuwa ameshafika stoo. Ndani filimbi ile nyembamba ilikuwa inasikika. Komeo lilikuwa gumu. Tulilishika wote wawili, tukavuta mpaka likaachia.