Urithi Wangu ni Mbwa

Baba alipofariki, kaka zangu watatu waligawana ng'ombe wote mbele ya ukoo, na mimi niliyemuuguza miezi saba nikapewa mbwa. Sitanii. Kaka yangu mkubwa, Stanslaus, alimfunga kamba shingoni akanikabidhi huku akicheka.

"Wewe umeolewa, Juliana, ng'ombe wa nini? Chukua Kamanda akulindie nyumba."

Wazee wakacheka naye. Kwa kuwa ilikuwa matanga niliipokea kamba, nikaondoka na mbwa na hasira yangu mpaka kwangu Bugarama.

Hapa mimi, mume wangu na binti yetu Blessing tumepanga vyumba viwili kwa Mzee Hatibu, kando ya barabara iendayo mgodini. Kamanda alilelewa na baba zizini, kazi anayoijua ni kuswaga ng'ombe. Bugarama hakukuta hata mbuzi, basi akaanza kuchunga watu. Watoto wa jirani yangu Mwamvua wakitoka shule aliwazunguka na kuwabana ukutani, na aliyejaribu kuchomoka alitafunwa kisigino. Siku moja aliwakusanya wateja wanne wa chipsi za Mzee Hatibu, pamoja na fundi simu aliyekuwa anapita zake, akawasimamisha wote kwenye karo la kufulia.

"Mama Blessing, nimevumilia vya kutosha," Mzee Hatibu akaniambia. "Nakupa wiki tatu. Akiendelea hivi, nitamwekea nyama yenye sumu."

Kitu pekee nilichopata kwa baba, nacho kiuawe! Ila mimi ni mpangaji, nikajibu tu kwamba nimesikia.

Kesho yake sikwenda sokoni. Nilikaa mlangoni nikimtazama Kamanda, naye alilala asubuhi nzima kama gunia. Kisha Mwamvua akatoka, akatia vidole mdomoni kumwita bodaboda: mluzi mmoja mrefu, miwili mifupi. Kamanda aliruka, akawaendea watoto waliokuwa wakicheza kombolela. Ulikuwa mluzi wa baba mtupu, ule wa kumwagiza mbwa azunguke ng'ombe na kuwaleta.

"Mwamvua, kumbe ninyi ndio mnaomtuma!"

"Mie? Mie namwita Masudi na pikipiki yake!"

Mtaa mzima unaita bodaboda hivyo. Wanamwagiza wenyewe asubuhi mpaka jioni, halafu wanataka afe kwa sababu ametii! Niliwaza hilo nikasonya mpaka Mwamvua akaomba radhi, ingawa hakuwa na kosa.

Sikuweza kuwakataza watu miluzi. Nilinunua kamba ndefu, nikafunga dagaa wakavu kwenye pindo la khanga. Nikipiga mluzi, namvuta Kamanda taratibu mpaka miguuni pangu, namwambia "Lala", akilala anapata dagaa. Sikumpiga hata mara moja. Nilirudia mpaka midomo ikanikauka, kila siku, na majirani wakasema nimerukwa na akili. Saa za watoto kutoka shule nilimfungia ndani na mfupa wake. Jioni nilimpa kazi, maana bila kazi angejitafutia: kwa neno "Peleka" aliwaingiza bata wa Mwamvua bandani, na hapo tu ndipo nilipomwona ana furaha.

Wiki tatu zilipotimia, Mzee Hatibu alisimama uani, akangoja watoto wapite wakikimbia, akapiga mluzi kwa nguvu zake zote. Kamanda aliinuka. Aliwatazama watoto, mwili ukimtetemeka. Kisha akaja kulala miguuni pangu.

Mzee Hatibu akakuna ndevu. "Haya, akae."

Nilidhani yameisha. Wiki iliyofuata Stanslaus akashuka kwenye pikipiki, kamba mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nimemfuata Kamanda. Ng'ombe wanaingia mashamba ya watu kila siku, hakuna anayewaweza."

Hakuniuliza hata hali.

"Si mlinipa mbele ya ukoo?"

"Tulikupa akulindie nyumba. Mbwa wa zizi ni wa zizi, hata yeye mwenyewe anajua."

"Kama anajua, mwite."

Mwamvua alitoka na mwiko wake mkononi. Mzee Hatibu aliacha chipsi kwenye mafuta. Stanslaus akatia vidole mdomoni, akapiga mluzi wa baba, na lazima niseme kweli, aliupiga vizuri mpaka machozi yakanilenga. Kamanda akasimama, akamtazama, mkia ukicheza. Halafu akageuka, akaja akajilaza juu ya miguu yangu, akiisubiri khanga ifunguliwe.

"Umemharibu!" Stanslaus akafoka.

"Nimemfundisha. Mlicheka siku ile, kaka. Mbona leo hucheki?"

Alikunja kamba yake, akatoka mpaka barabarani, akapiga mluzi kumwita bodaboda. Kamanda hakuinua hata kichwa. Nikampa dagaa wawili.