Shavu na Paji la Uso

Kiganja cha muuguzi kilikuwa juu ya tumbo la mzazi aliyetoka kujifungua, kwenye kitovu, kikisugua kwa kuzungusha, matroni alipomwita kutoka mlangoni. Hakugeuka. Sindano alishamchoma na damu ilikuwa imepungua, lakini kila alipoupumzisha mkono, kizazi kililegea na shuka ikalowa upya.

Walimwita Kiraka, kwa sababu hospitali ilipotoboka popote, yeye ndiye aliyeshonewa hapo. Leo alipangiwa wodi mbili peke yake: hii ya wazazi, na ile ya wanawake waliopasuliwa, ng'ambo ya ua. Aliyepanga alihesabu vitanda, na vitanda havitoki damu. Kiraka alishayasema hayo vikaoni mpaka akaonekana ana mdomo.

Matroni alisogea, uso umemshuka. Ng'ambo kule, mgonjwa aliyetoka kupasuliwa alikuwa akitapika huku amelala chali. Daktari alikuwa bado kwenye upasuaji, na chumba cha kujifungulia kilimngoja matroni mwenyewe, kichwa cha mtoto kikionekana.

"Mshika mbili moja humponyoka, matroni."

"Najua. Mimi nimeshika tatu."

Kiraka alimtazama mama mkwe wa mzazi, aliyempakata mjukuu pembeni. Kiraka mwenyewe aliogopa, tena sana. Akamchukua mtoto, akamlaza kifuani kwa mama yake, kisha akaushika mkono wa bibi na kuuweka pale tumboni.

"Bibi, jiguse shavu. Tumbo likiwa laini hivyo, sugua kwa nguvu, hata akilia. Sasa jiguse paji la uso. Likiwa gumu hivyo, pumzika."

"Na lisipokaza?"

"Piga kelele."

Wodi nzima ilikuwa ikipiga kelele. Kiraka akakimbia.

Yule wa ng'ambo alimlaza ubavu, akamsafisha kinywa, akasimama naye hadi pumzi zikatulia. Muda wote huo alijichukia. Kisha akaukata ua mbio.

Bibi alikuwa bado anasugua, mkono mmoja tumboni, mwingine kwenye paji la uso wake mwenyewe, machozi yakimtiririka. Mkamwana wake alikuwa amefumba macho. Mtoto kifuani alikuwa akitafuta ziwa.

"Mwanangu," bibi alisema, "vidole vimekufa ganzi. Sijui tena gumu ni lipi."

Kiraka aliinama, akanyoosha kiganja. Kabla hakijagusa, alisikia viatu vya matroni vikija tena, mbio.