Kabati la Mama Ndani ya Buti

Msusi alipokuta nguo zake zimelundikwa kitandani kama mtumba wa sokoni, wazo la kwanza lilikuwa kwamba wameibiwa. Alisimama mlangoni, mkoba ungali begani, akatazama pembe ya chumba lilipokuwa kabati. Hapakuwa na kabati. Palibaki sakafu yenye vumbi la siku nyingi, na buibui aliyekuwa akihangaika kutafuta kwao.

Kisha mlio ukaanza uani. Haukuingia masikioni, ulipanda kwenye nyayo, ukapita magotini, ukakaa kifuani. Vioo vya dirisha vikagongana kama meno ya mgonjwa wa homa.

"Besi," alisema peke yake.

Besi ndiye mumewe. Jina alilopewa na wazazi mtaa mzima ulikuwa umeshalisahau. Alikuwa fundi umeme wa majumbani, mchapakazi, si mlevi, hajawahi kumnyanyulia mtu mkono, na wengi walimwambia msusi kwamba ameokota dodo chini ya mwarobaini. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: muziki wa gari. Tangu anunue kale kagari kake kakuukuu, sebule iligeuka karakana. Nyaya nene zilitambaa chini ya meza, amplifaya ilikaa juu ya friji, na harufu ya gundi iliingia mpaka kwenye chai. Msusi alivumilia. Heri mume anayelala na spika, aliwaambia wenzake saluni, kuliko anayelala kwingine. Wakacheka, naye akacheka nao.

Siku hizo za karibuni kilichomsumbua Besi kilikuwa boksi. Sabufa zake, spika za mlio mzito kubwa kama sinia, zilitaka boksi zito lisilotikisika. La kwanza alilitengeneza kwa mbao laini, likapasuka. La pili likakoroma kama mzee mwenye mafua. "Spika bila boksi ni mwimbaji bila kifua," alikuwa akisema wakila, na msusi akiitikia "mmh" huku akimega, asijue kwamba macho ya mwanamume yule yalikuwa yameshavuka mlango wa chumbani.

Alitoka uani. Majirani walikuwa wamelizunguka gari, buti iko wazi, vijana wanatikisa vichwa. Na ndani ya buti, limepigwa vanishi likang'aa, lilikaa boksi la mvule wenye rangi ya kahawa. Msusi hakuhitaji kuambiwa. Ubavuni mwa boksi palikuwa na tundu la ufunguo.

Alipenya katikati ya watu, akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo wa gari. Mlio ukakatika.

"Mke wangu, umesikia hiyo?" Besi alikuwa amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, anacheka. "Mvule mkavu, mama! Hautikisiki hata chembe. Na nguo usijali, nitakupigia shelfu za kisasa ukutani."

"Umekata kabati la mama."

"Lile? Si mlango wenyewe ulikuwa umeshalegea..."

"Umekata kabati la mama yangu, Besi."

Besi alijua kabati lile ni nini. Hilo ndilo lililomchoma msusi kuliko msumeno. Baba yake msusi alipofariki, ndugu wa baba walikuja na lori. Walibeba vitanda, viti, redio, mpaka sufuria zenye ukoko wa chakula cha msiba. Walipofika kwenye kabati, mama alilifungua, akaingia, akakaa katikati ya magauni yake, akavuta mlango. "Libebeni na mimi ndani," alisema. Walilinyanyua, wakalitua, wakatukanana wenyewe kwa wenyewe, mwishowe aibu ikawafukuza. Mama naye alipofariki, kabati likawa urithi wa msusi na dada yake. Besi alikuwa akiwasimulia wageni kisa hicho kwa mdomo wake mwenyewe, akimsifu mama mkwe mpaka machozi yanamlenga.

"Wale walikuja mama akiwepo," msusi alisema. "Wewe umesubiri niende kazini."

"Sasa ningekuuliza si ungekataa?"

Kijana mmoja aliyekuwa akichekacheka akaacha. Besi naye alionekana kuyasikia maneno yake baada ya kuyatoa, lakini yalishatoka.

"Mwanangu, yaishe," jirani mmoja, mama mtu mzima, alisema. "Ni mbao tu hizo."

"Kwako ni mbao, mama. Naomba uniache."

Akaingia ndani, akarudi na bisibisi na shuka safi. Akatandika shuka chini, akapiga magoti kwenye buti, akaanza kufungua skrubu. Bisibisi ikateleza ikamchubua kidole, akanyonya damu, akaendelea.

"Utaniharibia!" Besi akamshika mkono.

"Niachie." Akamwachia. "Sikuharibii. Ningetaka kuharibu ningechukua nyundo. Nataka uone kitu cha mwenzio kinavyoshikwa."

Alizitoa sabufa, akazilaza kwenye shuka kama anayelaza watoto mapacha. Hakuna hata moja iliyopata mkwaruzo. Boksi likabaki na mashimo yake, kama uso uliong'olewa macho.

"Washa gari," akamwambia mumewe, akimrudishia ufunguo. "Twende kwa dada. Ukamweleze mwenyewe."

Dada mtu, muuza vitambaa, aliwapokea barazani. Hakupiga kelele. Aliinamia buti, akapitisha mkono kwenye shimo moja mpaka kiwikoni, akautoa.

"Karibu kiti, shemeji. Nieleze."

"Dada, unajua hizi besi zinahitaji..." Besi alianza, akakwama. Akatazama viatu vyake. "Nimekosea, dada."

"Hapana, shemeji. Kukosea ni kumkanyaga mtu mguu kwenye foleni. Wewe ulipima, ukachora, ukakata, ukapiga msasa, ukapaka vanishi ukangoja ikauke. Popote hapo ungeweza kuacha."

Besi alirudi kwake peke yake. Msusi alibaki kwa dada yake, na boksi likabaki naye. Seremala waliyemwita aliligeuza huku na huku, akasema kabati halirudi; labda kijisanduku. Msusi akamwambia asiliguse.

Besi alikuja mara kadhaa, mara na ndizi, mara na mjomba wake wa kumsemea. Siku moja alikuja na gari lililo kimya.

"Nimeuza kila kitu," alisema. "Spika, amplifaya, mpaka nyaya. Kwa ajili yako."

Hapo ndipo msusi alipopandisha sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Nani alikutuma uuze? Usinitwishe hilo! Muziki wako sina ugomvi nao, nimekunywa gundi yako kwenye chai nikanyamaza. Umenifanya kama sipo, na leo tena umeamua peke yako, halafu unataka nikushukuru!"

Besi aliukunjakunja ukosi wa shati.

"Basi niambie," alisema mwishowe. "Unataka nini?"

"Hilo ndilo swali," msusi alisema. "Umechelewa kuliuliza, lakini ndilo."

Alirudi nyumbani baadaye, siku aliyoichagua mwenyewe. Waliomwona akishuka na mabegi walisema yamekwisha, mke amesamehe. Hawakujua. Hasira hakuiacha kwa dada yake. Aliingia nayo ndani, na Besi, aliyekuwa amesimama mlangoni kumpokea mizigo, akapisha vyote viwili, mizigo na hasira, vipite.