Hitma ya Mume Wangu Aliye Hai

Citoyen Kikuni, karani wa dosye, yaani mafaili ya askari pale Kindu, alimtazama mume wangu machoni, akamwambia kwa adabu yote kwamba alishakufa.

"Papa, askari Sumaili aliyeenda vita ya Burma iko kweli kwenye dosye za jeshi," alisema. "Lakini huyo alikufa baharini, kabla hata ya kufika. Wewe uko hapa, unapumua. Kwa hiyo wewe njo Sumaili mwingine, yule wa magasini ya kambi, ambaye hakutoka Kindu vita yote."

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi kando ya mume wangu, nimevaa kitenge changu cha sikukuu, na tangu asubuhi nilikuwa nimejiapiza kwamba siku hiyo mimi Mwanvua nitafunga mdomo. Watoto wangu wanajua viapo vyangu vya namna hiyo vinaishia wapi.

"Citoyen," nikasema, "hakuna Sumaili wawili. Iko mumoja, na ninamupikia sombe tangu wazungu walikuwa hapa."

"Mama, dosye njo inasema hivyo."

"Basi dosye imupikie."

Bibi Sharifa, jirani yetu wa siku zote, ambaye tulivuka naye mto asubuhi ili atusindikize, alicheka ndani ya ushungi wake akajifanya anakohoa. Citoyen Kikuni hakucheka. Huyu tulimjua tangu utoto wake, mwana wa Mama Victorine muuza mikate, na jina lake lilikuwa Célestin. Majina ya kikristo yalipokatazwa nchini akawa Citoyen, yaani Raia, Kikuni, na ukimwita Célestin anageukia pembeni kama hukusema na yeye. Joto lote lile alikuwa amefunga abakosti yake, lile koti la watu wa serikali, mpaka shingoni. Lakini si mtu mbaya, nisimsingizie.

Mwaka ule serikali ilitangaza kwamba askari wote wa zamani waliopigana nje ya nchi waandikwe upya, na siku ya maandamano watembee mbele ya watu wote. Wenzake wakaenda, wakaandikwa. Mume wangu alipokwenda mara ya kwanza, akaambiwa kadi yake inasema alilinda magunia ya chumvi kambini. Neno hilo lilivuka mto haraka kuliko yeye mwenyewe. Vijana wa Alunguli, kwetu ng'ambo ya mto, wale wanaokwenda kuchimba dhahabu kwenye machimbo ya Kama na kurudi na maneno mengi kuliko dhahabu, wakaanza kumwita Kapita wa Chumvi, msimamizi wa magunia. Akipita, mmoja anamsalimu kijeshi, wengine wanaanguka kwa kicheko.

Zamani jioni zote alikuwa akikaa barazani anasimulia. Anasimulia matope ya Burma, na ruba walioingia mpaka ndani ya soksi, na jinsi walivyobeba majeruhi kwenye machela, mwenzake Édouard mbele na yeye nyuma, wakipanda vilima vinavyoteleza. Tangu jina lile la chumvi, baraza ikabaki tupu. Mtu akipita njiani, yeye anaingia ndani. Kifua chake kilikuwa kinamsumbua tayari, na usiku mmoja aliniambia, "Mama Kasimu, nikifa, watasema yule muongo amekufa." Niliumia sana. Mume wangu ana makosa yake, lakini uongo hajui hata namna ya kuuanza.

Édouard ndiye angemtolea ushahidi, na Édouard alikuwa amekufa huko Kama, shimo la dhahabu lilimwangukia. Wengine waliobaki hatukujua waliko.

Ndiyo maana siku hiyo nilikuja mwenyewe. Nikamwambia Citoyen Kikuni, "Nieleze kosa iko wapi, niione."

Akaeleza, na kwa kweli alieleza vizuri. Wakati wa vita, habari ilifika Kindu kwamba meli imezamishwa na Sumaili wa hospitali ya jeshi alikuwa ndani. Wakamwandika marehemu, wakafunga kadi yake. Baadaye akatokea Sumaili mmoja kambini, mzima, bila kadi. Karani wa wakati ule hakujisumbua. Akamfungulia kadi mpya, akaandika kazi aliyoifanya kabla ya vita, magasini, na akajaza miaka yote hivyo hivyo.

"Meli ile sikupanda," mume wangu alisema polepole. "Niliachwa hospitali ya Mombasa, tumbo linaendesha. Nilipanda ile iliyofuata."

"Ninaweza kukuamini, Papa. Lakini siwezi kumufufua muntu kwenye dosye bila ushahidi. Nionyeshe kwamba yule aliyekufa njo wewe."

Hapo nilijua la kusema, na hapo hapo nikajua kwa nini nisiliseme.

Habari ile ya meli ilipofika, sisi tulifanya yote ambayo Waislamu wa Alunguli hufanya kwa maiti isiyoonekana. Tulimsomea hitma. Wali ulipikwa kwenye sufuria kubwa, wanaume wakasoma Kurani kutwa nzima. Mimi nikaingia eda, miezi minne na siku kumi, mjane mbichi na Kasimu mgongoni. Sumaili mwenyewe anajua hayo. Aliposhuka kwenye bato, ile meli ya mtoni, siku aliyorudi, watu walikimbia, na muuza samaki mmoja aliacha beseni lake pale ukingoni. Tangu hapo alikataza hitma ile isitajwe nyumbani kwake. Alisema muntu aliyesomewa akiwa hai hapendi kukumbushwa.

Lakini chini ya neno hilo kulikuwa na lingine, ambalo yeye hakulijua.

Bibi Sharifa hakuona uso wangu. Alishasimama. "Citoyen, andika," alisema. "Sumaili huyu tulimusomea hitma. Mke wake huyu alikaa eda. Siku eda ilipokwisha, mimi njo nilimupeleka mtoni kumuosha, mimi njo nilimuvalisha nguo mpya. Kama mume wake alikuwa hapa kambini analinda chumvi, mimi nilikuwa namuosha mujane wa nani?"

Citoyen Kikuni aliandika. Nikaona kalamu inakwenda vizuri, nikaanza kupumua. Kisha akafungua tena ile kadi ya marehemu, akafuata mstari kwa kidole.

"Hapa wameandika habari ya kifo ilitolewa kwa mama yake, kwa mdomo, kambini," alisema. "Papa, mama yako alikuwa nani?"

"Riziki," mume wangu akajibu. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa kweli mpaka inachosha, akaongeza, "Lakini hapo kuna kosa. Mama yangu hiyo habari haikumukuta. Alikuwa ameshakufa kwa homa."

Kalamu ikalala mezani.

"Basi si wewe, Papa," Citoyen Kikuni alisema, na nilisikia kwamba anasikitika kweli. "Wewe mwenyewe umesema. Mama ya marehemu alikuwa hai."

Akaanza kufunga dosye. Bibi Sharifa alitazama chini. Mume wangu alishika fimbo yake ili asimame. Nikamwona jinsi atakavyovuka mto, na jinsi atakavyopita mbele ya vijana wale. Nikaona pia uso wake kama nitasema. Hakuna njia iliyokuwa nzuri. Nikachagua.

"Baba Kasimu," nikasema, "kaa. Mama hakufa kwa homa."

Alikaa.

Nikamwambia yote, mbele ya Citoyen na mbele ya picha ya rais ukutani. Jeshi lilimwita Mama Riziki, nikamsindikiza mpaka kwenye geti la kambi. Mama alikuwa mzito wa masikio, kila mtu wa Alunguli anakumbuka. Mzungu alisema, mkalimani akasema, mama hakusikia. Basi mkalimani akarudia kwa sauti kubwa, ndipo hata mimi niliyekuwa getini nikasikia: mtoto wako amekufa baharini. Hakulia. Tulivuka mto. Tulipofika nyumbani akaniuliza kitu kimoja, kama baharini watu wanazikwa.  Alikaa kwenye mkeka wa msiba na hakuinuka tena vizuri. Tukimpa uji anashika bakuli mpaka unapoa. Eda yangu haijaisha, tukamzika.

"Halafu wewe ukarudi," nikasema. "Mzee Mbaraka, ndugu ya baba yako, akatukusanya sote kabla hujafika nyumbani. Akasema mtoto ametoka vitani, asiambiwe kwamba mama yake alikufa kwa ajili yake. Semeni homa. Semeni alikufa kabla ya habari, akijua mtoto wake yuko hai. Tukasema hivyo."

Alunguli ile ile ambako huwezi kununua kuku bila mtaa wote kujua bei yake, ilificha neno hilo mpaka wazee wengi wakaenda nalo kaburini. Mimi sijutii. Kila Ijumaa nilimwona mume wangu akienda kwenye kaburi la mama yake na moyo mwepesi, na moyo ule mwepesi ulikuwa kazi yetu.

 Watu waliongojea nje walianza kuchungulia mlangoni. Mwisho mume wangu akauliza, "Alikufa akijua niko chini ya maji?"

"Ndiyo, Baba Kasimu."

Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yaende. Mimi nililia na sauti, siwezi kusema uongo. Citoyen Kikuni alivua miwani yake akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Halafu akavuta kadi ya marehemu, akachukua rula, akapiga mstari juu ya maneno ya kifo. Akaandika kwa kifaransa, akitutafsiria kadiri anavyoandika: alitumika ng'ambo, Burma, mbeba machela, alirudi hai. Ile kadi ya magasini akaiandika batili. Akapiga muhuri, akasimama, akamnyooshea mume wangu ile kadi ya Burma kwa mikono miwili.

Mume wangu hakuipokea.

"Nani alimuambia mama yangu kwamba nimekufa?" aliuliza.

"Jeshi, Papa. Serikali."

"Basi serikali imuambie kwamba niko hai."

Citoyen Kikuni akajibu, "Papa, ile ilikuwa serikali ya Wabelgiji."

"Dosye ni zile zile," mume wangu akasema.

Nilifikiri Citoyen atatufukuza. Alitazama watu waliokuwa mlangoni, akatazama meza yake. Akasukuma kadi ndani ya abakosti, akaniambia nitangulie.

Tulivuka mto sisi wanne. Citoyen Kikuni si mtu wa maji, alishika mtumbwi pande zote mbili kama atauvunja, na kila mara mwenye mtumbwi alipogusa kafi, yeye anafumba macho. Bibi Sharifa akamuuliza kama serikali haikumfundisha kuogelea, asijibiwe. Mume wangu alikuwa mbele yangu, mgongo umenielekea. Nilidhani amenikasirikia. Katikati ya mto akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikaushika, na tulifika ng'ambo hivyo.

Ukipita Alunguli na mtu mwenye abakosti, hupiti peke yako. Wanawake waliacha bustani zao, wakatufuata. Vijana nao wakatufuata, na yule wa saluti alikuwa kati yao, anasubiri kucheka. Kaburi la Mama Riziki liko nyuma ya mashamba ya muhogo, na mume wangu hulipalilia mwenyewe, majani hayaoti pale. Alisimama upande wa kichwani. Citoyen Kikuni akasimama upande wa miguuni, akatoa kadi. Viatu vyake vilikuwa vimejaa matope.

Akasoma kwanza kwa kifaransa, namna wanavyosoma mambo ya serikali. Halafu akashusha kadi, akasema kwa kiswahili, "Mama Riziki, mwana wako Sumaili alienda vita ya Burma. Hakufa baharini. Alirudi hai."

 Yule wa saluti alikuwa amevua kofia yake.

"Muambie tena," mume wangu alisema. "Alikuwa hasikii vizuri."

Citoyen Kikuni aliangalia kaburi, akavuta pumzi, akafungua kifungo cha shingoni. Akasema tena, kwa sauti kubwa, sauti ya kusikika mpaka mtoni, "Mama Riziki! Mwana wako hakufa! Alirudi hai!"

Mume wangu alipiga magoti, akaweka mkono juu ya udongo. "Nimerudi, mama," akasema. Alikaa hivyo mpaka alipotosheka, ndipo akainuka na kupokea kadi yake.

"Aksanti, Célestin."

"Aksanti na wewe, Papa," akajibu Citoyen Kikuni.