Kigingi cha Zeze

Mzee alibandikwa jina la Tarumbeta enzi za ujana wake, na wala halikuwa jina la sifa. Majirani walisema akianza kuimba, hata aliyezikwa atageuka aulize kuna nini. Sasa maradhi yalikuwa yamelimaliza koo, lakini jina lilibaki, likimpwaya kama koti la mtu aliyekonda.

Mwanawe, Seremala, ndiye aliyempigia zeze. Alitaka kitu kimoja tu: wimbo ambao baba alimtungia marehemu mama urekodiwe kwa sauti ya mwenyewe kabla sauti hiyo haijazimika. Lakini pia ndiye mtu pekee aliyejua mambo ya kigingi, kile kijiti cha kukazia na kulegeza uzi.

Mzee alikuwa na mazoea yake. Kabla ya kuimba aliinamisha sikio, mwanawe akavuta upinde mara moja, naye akatoa sauti ndefu kuufuata uzi. Vikikutana, alitabasamu. "Umeona? Koo lipo palepale. Madaktari wana maneno mengi."

Baada ya msiba wa mama, sauti ilianza kushindwa kufika. Ilipanda, ikatetemeka, ikakatika. Mzee akasingizia kikohozi. Kesho yake, baba akiwa bado anatafuta viatu, Seremala alikilegeza kigingi kiasi cha unywele. Sauti ikaukuta uzi, baba akatabasamu. Tangu hapo kila koo liliposhuka, kigingi nacho kilishuka. Mtu akishaanza kumdanganya mgonjwa kwa huruma, haipati siku inayofaa kuacha.

Ndipo akaja Mgeni, mpiga gitaa kutoka ng'ambo ya bahari. Muziki wa kwao ni bossa nova, wa gitaa la taratibu na sauti ya chini. Alikuwa ameisikia kaseti ya zamani ya Tarumbeta, akaipenda, akafunga safari. Kiswahili alijifunza kwa kusikiliza redio, kwa hiyo alizungumza kama msoma taarifa ya habari.

Walikutana kwenye chumba cha kurekodia ambacho kuta zake zilibandikwa trei za mayai ili kunyonya mwangwi.

"Shikamoo, mzee," alisema fundi mitambo, mwanamke aliyevaa visikilizio shingoni.

"Marahaba, binti yangu. Mbona umetuingiza kwenye banda la kuku?"

"Kuku wamehama, mzee. Wamesahau trei."

Mgeni akainama. "Ninayo furaha kubwa kukutana nawe, mheshimiwa."

"Huyu atatusomea na bei ya mazao," Mzee alimnong'oneza mwanawe, akacheka mpaka akakohoa.

Mgeni akapiga. Kidole gumba kilitembea chini bila haraka, na vidole vingine vikachelewa kidogo, kama watu wanaoongea njiani. Aliimba kwa sauti ndogo sana.

"Mbona anaimba kama anaogopa kumwamsha mtoto?" Mzee aliuliza. Kisha akasikiliza hadi mwisho. "Ila huzuni yake ina adabu. Twende."

Seremala akavuta upinde. Zeze na gitaa vikakataana papo hapo, kama mlango usioingia kwenye fremu. Mgeni akabana kwenye shingo ya zeze kidude cha kupimia sauti, kidogo kama kibanio cha nguo, akakitazama.

"Zeze hili liko chini. Chini mno. Mimi nimezikaza nyuzi za gitaa kwa kufuata kaseti. Katika kaseti, mzee anaimba hapa." Akagusa uzi wa gitaa.

"Mbao zinasinyaa," alisema Seremala haraka.

Mzee alimgeukia. "Zeze hili nimelichonga mimi. Lilisinyaa kabla hujazaliwa."

"Hakuna tatizo," alisema Mgeni, asiyejua chochote. "Nitalegeza gitaa."

Akaanza. Kila alipolegeza aliuliza, "Hapa?" na fundi mitambo, visikilizio masikioni, akajibu, "Bado, shuka."

"Hapa?"

"Bado."

Nyuzi zikalegea hadi zikaanza kuvuma kama nzi kwenye kioo. Mzee alikuwa ameweka mikono magotini, akisikiliza "bado" moja baada ya nyingine kama mtu anayesomewa hukumu. Seremala alitazama sakafu.

"Tangu lini?" Mzee aliuliza.

"Tangu mama."

"Kumbe. Kaza. Rudisha lilipokuwa."

"Baba, hutafika."

"Nimesema nitafika? Nimesema kaza."

Seremala alikaza. Mgeni naye akapandisha gitaa lake, safari hii bila kuuliza. Walipoanza, vyombo vilikubaliana vizuri mno, na hilo likamuumiza Seremala zaidi. Ilipofika zamu ya mwimbaji, Mgeni alimtazama Mzee. Mzee alikuwa mbele ya kipaza sauti, mdomo umefungwa, macho wazi. Ubeti ukapita mtupu. Wa pili nao ukapita. Alikuwa akisikiliza mahali sauti yake ilipokuwa ikisimama zamani.

Wimbo ulipokwisha, fundi mitambo alisema polepole, "Mzee, sauti tutaiweka siku nyingine?"

"Siku nyingine ni ya nani, binti yangu?"

"Kwetu watu huimba chini," alisema Mgeni, safari hii bila sauti ya redio. "Sauti ndogo si aibu."

"Kwenu, mwanangu. Mimi naitwa Tarumbeta."

Walipofika nyumbani, Mzee alinyoosha mkono, akalichukua zeze, akaingia nalo chumbani na kufunga mlango.

Seremala aliteleka maji ya baba ya kuoga. Ndipo akasikia kigingi kikilia. Kikalia tena, na tena, uzi ukishuka zaidi ya pale alipowahi kuthubutu kuushusha yeye. Kisha upinde, kwa mkono usiozoea. Kisha sauti, ndogo, karibu na mnong'ono, ikiimba wimbo wa mama tangu ubeti wa kwanza bila kukatika.

Alizima jiko ili maji yasichemke na kuifunika sauti. Akatoa simu mfukoni, kidole kikasimama juu ya alama ya kurekodia. Nyuma ya mlango, baba alipumua, akaanza ubeti mwingine.

Seremala hakuibonyeza; aliilaza simu kifudifudi kando ya kopo la sukari. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akasikiliza.